Beji ya Shangazi Eufrasia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine pale Somanda aliyekuwa nayo. Alimnyooshea shangazi yake koti jeupe kwa pasi ya mkaa, kisha akabandika kifuani mwa koti beji ndogo nyeusi, nene kama kiberiti. Shangazi Eufrasia alipiga picha za eksirei katika hospitali ndogo ya misheni. Beji ile ilihesabu mionzi yote iliyomfikia kazini. Kila baada ya miezi mitatu ilitumwa Arusha kwa wataalamu wa mionzi, wakaisoma kwa mashine yao.

"Mwangaluka, shangazi," Nyamizi alisalimia akimkabidhi koti.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Leo nina vifua ishirini vinanisubiri," shangazi alijibu, akatoka mbio.

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba huko Mwamanyili, nao walimleta mjini asome na amwondolee shangazi upweke, maana hakujaliwa mtoto. Nani angemwondolea Nyamizi upweke wake? Hilo halikuulizwa na mtu. Darasani wenzake walibanana watatu watatu kwenye dawati, yeye akakaa peke yake kama mgonjwa wa surua.

"Shangazi yako anashinda kwenye mionzi," Malimi, kiranja wa darasa la sita, alimwambia wiki ya kwanza. "Inaganda kwenye nguo. Utatuambukiza bure."

Tangu siku hiyo hata kikombe cha mtungini walimtengea chake. Shangazi alikuwa amemweleza vizuri kabisa: mionzi ya ile mashine ni kama mwanga wa taa, ukizima imekwisha, haimgandi mtu. Lakini utamweleza nani, na hakuna anayekusogelea? Mtoto aliumia, na alipoumia hakuwa na wa kumwambia.

Mwezi wa nne shangazi alikwenda msibani Ngulyati siku nne. Kristofa, fundi wa eksirei kutoka hospitali nyingine, alikuja kumshikia kazi akiwa na beji yake mwenyewe. Nyamizi aliachiwa koti alifue. Akaitazama ile beji, na wazo likamjia. Ikila mionzi mingi itabadilika rangi! Ataipeleka darasani, awaonyeshe kuwa mionzi hupimika, kisha ajipime mbele yao waone kuwa yeye hana hata chembe.

Akaingia chumba cha eksirei na ufagio kana kwamba anafagia, akaitundika beji kwenye msumari ukutani, nyuma ya mahali wagonjwa wanaposimama kupigwa picha za kifua. Siku ya nne akaichukua. Ilikuwa nyeusi vilevile. Akairudisha kwenye koti, akanyamaza.

Mwezi wa saba barua ikaja kutoka Arusha. Beji ya Eufrasia ilikuwa imepokea mionzi kupita kiasi kinachoruhusiwa. Asiingie tena chumbani hadi mkaguzi afike. Daktari Januarius, mganga mkuu, akatia kufuli mlangoni. Kristofa naye hakuweza kuja, hospitalini kwao walikuwa wanamhitaji.

Siku zile wagonjwa walirudishwa. Mzee mmoja aliyevunjika mguu aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri, akaambiwa aende Mwanza. Nyamizi alimwona akiuma kona ya blanketi yake, mkokoteni ukigeuzwa. Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Shangazi hakulalamika, ila kila alipochana nywele alikichungulia kitana, akahesabu zilizong'oka, maana mionzi mingi hung'oa nywele. Alikuwa anaogopa mwili wake mwenyewe. Nyamizi alikuwa na maneno mawili tu ya kumtoa hofu ile, lakini aliyaogopa. Akiyasema atarudishwa Mwamanyili, na shangazi ndiye mtu pekee mjini aliyekula naye sahani moja.

Mkaguzi alifika Jumamosi ya wiki ya tatu. Aliitwa Bwana Sylvester, mtu mrefu mwenye kisanduku cha kupimia mionzi kilicholia tik, tik.

"Binti, nishikie huu mfuko," alisema. Kwa nusu saa Nyamizi alimfuata huku mkaguzi akipima kuta, mlango na dirisha.

"Mtu husomea nini mpaka akafanya kazi hii?" Nyamizi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hesabu na sayansi, halafu usichoke. Mimi nilisoma fizikia. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, maziwa ya kopo yanaingia kutoka kila nchi, na sisi tunayapima kama hayana mionzi kabla hayajafika dukani. Wenzangu wako Dar es Salaam wanatibu saratani. Wengine wako Tanga, wanafuga mbung'o."

"Wanafuga mbung'o?" Nyamizi alicheka. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho.

"Ndiyo! Madume wanapigwa mionzi wasizalishe, kisha wanaachiwa porini. Mbung'o wakipungua, ng'ombe wanapona. Kwenu mna ng'ombe? Basi kazi hii inakuhusu."

Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyemwambia Nyamizi kuwa kuna jambo linalomhusu. Moyo ulimjaa.

Kisha Bwana Sylvester akazima kisanduku, akamgeukia shangazi. Sauti yake ilibadilika.

"Mama Eufrasia, mashine haivuji na kuta ni nzima. Linabaki jambo moja. Ulikuwa unapiga picha bila kujikinga nyuma ya ukuta. Nitaandika hivyo, na sidhani utarudi kwenye kazi hii."

"Miaka kumi na moja sijawahi," shangazi alisema.

"Beji haisemi uongo, mama."

Akafungua kalamu. Nyamizi aliona wino ukigusa karatasi.

"Si yeye!" alisema. "Ni mimi. Niliitundika beji humu ndani, pale kwenye msumari, siku nne. Shangazi alikuwa msibani. Haikuwa mwilini mwake."

Akaeleza yote: dawati, kikombe, Malimi, ufagio. Alipomaliza, shangazi alikaa chini sakafuni, akalia kwa nafuu, kisha hasira zikampanda.

"Nyamizi! Wiki tatu nahesabu nywele zangu kama mtu anayekufa, na wewe unanitazama tu?"

"Niliogopa utanirudisha, nibaki bila mtu."

Shangazi alijifuta machozi. "Adhabu utaipata," alisema hatimaye, "lakini utaipatia hapa hapa nyumbani kwangu. Na hayo ya shuleni ungeniambia. Jumatatu nakuja kuongea na mwalimu wako."

Bwana Sylvester alihakikisha tarehe kwenye daftari la picha alilojaza Kristofa, akaukagua msumari, akampa Nyamizi karatasi tupu.

"Andika mwenyewe, kwa mkono wako, uweke jina. Bila hiyo siwezi kufungua chumba hiki."

Nyamizi alishika kalamu, lakini hakuandika. "Nikiandika hivi," aliuliza, "nitakuja kupokelewa kwenye kazi kama yenu?"

Mkaguzi akachuchumaa mbele yake.

"Nisikilize. Mionzi haionekani. Na anayefanya kazi nayo, mara nyingi yuko peke yake chumbani, hakuna anayemwona. Beji ilisema kweli, ila haikujua ilikuwa wapi. Hiyo ni kazi ya mtu kusema. Ulipokosa ukanyamaza, wagonjwa walirudi na maumivu yao na shangazi yako akaumia bila ugonjwa. Ulichelewa sana. Lakini leo umesema bila kusukumwa, ukijua unachoweza kupoteza. Hesabu utafundishwa na walimu, mwanangu. Kusema kweli wakati hakuna shahidi, hilo inabidi uje nalo mwenyewe."

Nyamizi aliandika kurasa mbili. Saa nane mchana Daktari Januarius alifungua kufuli, na mgonjwa wa kwanza akaitwa ndani.