Jiwe la Zamzam na Majivu Yangu

Kila alfajiri, kabla ya shule, watoto wa mtaa wetu pale Kariakoo tulipanga mawe mbele ya duka la ushirika. Sabuni ilikuwa adimu miaka ile. Jioni duka likifunguliwa, ulisimama palipo na jiwe lako.

Jumatano ya Majivu nilipita pale nikitoka misani. Padri alikuwa amenipaka majivu kwenye paji la uso, nami niliapa kutoyagusa hadi usiku, kila mtu aone kwamba Josepha amefunga. Lakini moyoni nilikuwa na Zamzam tu, msichana wa mtaani kwetu niliyesoma naye darasa moja. Mama alikuwa amenishonea sketi ya shule kwa mfuko wa unga. Juzi yake pindo lilifumuka, na Zamzam akasoma kwa sauti maandishi ya ndani: "Kilo hamsini!" Tangu hapo darasa zima liliniita Kilo Hamsini. Nilimchukia hata nikakosa usingizi.

Jiwe lake lilikuwa nusu tofali. Nilifanya ishara ya msalaba, nikalitupa mtaroni. Nilisikia raha ajabu!

Jioni nilipata mche wetu wa sabuni. Zamzam alipofika, watu walimsukumia nyuma, na sabuni ikaisha. Alilia mbele yetu sote. Mama yake alikuwa amejifungua, na nepi zilijaa beseni. Mimi nilicheka.

"Nani katoa jiwe la huyu?" aliuliza muuzaji.

Mzee Uwesu, mchoma mahindi wa ng'ambo ya barabara, alininyooshea kidole. "Huyo mwenye masizi usoni. Nimemwona alfajiri."

"Siyo masizi, ni majivu ya ibada!" niling'aka.

"Basi ibada yako imekuumbua, mjukuu wangu."

Mama, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alinivuta pembeni.

"Yeye ndiye aliyeanza, mama! Tena mimi nimefunga tangu asubuhi."

"Umefunga tumbo, Josepha. Kisasi umekilisha mpaka kikashiba. Mungu hana shida na njaa yako, anataka usamehe."

Nilimpelekea Zamzam mche mzima. "Nilitupa jiwe lako. Nisamehe."

Aliukata katikati kwa uzi, akanirudishia nusu. "Ahsante, Kilo... Josepha."

Damu ilinichemka, lakini nilipokea nusu yangu.

Nyumbani mama alinimiminia maji. "Sasa nawa uso," alisema. "Majivu yameshafika moyoni."