Moja kwa Mbili

Mtaa wa mafundi huamka kwa sauti ya msumeno. Anayetaka kulala zaidi, ahame.

Seremala mmoja wa mtaa huo anaitwa Futi. Jina lake halisi linakumbukwa na mkewe tu, naye hulitumia akiwa amekasirika. Futi hupima kila kitu. Hupima mbao, hupima milango ya majirani bila kuombwa, hata mkate huuwekea alama ya penseli kabla ya kuukata. Mkewe, Mama Mito, hushona mito ya makochi anayounda mumewe. Hajui kusoma, lakini hakuna mshono unaompiga chenga.

Asubuhi moja Mama Mito alijichoma sindano mara tatu.

"Leo unashona mto au unashona kidole?" Futi alimtania.

"Naona nyota, baba. Na kichwa kinagonga kama nyundo yako."

Futi aliacha kucheka. Mama mkwe wake alianza hivyohivyo, kwa kuona nyota. Kisha akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, na mpaka anafariki alikuwa akilishwa kwa kijiko.

"Dawa ya presha umemeza?"

"Nimemeza jana. Leo si siku yake. Si wewe ndiye uliyenisomea?"

"Kweli. Basi twende zahanati."

Kule zahanati, nesi alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akakijaza upepo, akasoma namba. Akapima tena kuhakikisha.

"Mia na themanini kwa mia na kumi," alisema kwa sauti ya chini.

Daktari alikuja haraka. Alimchunguza Mama Mito, akamlaza apumzike, kisha akaangalia kadi yake.

"Miezi miwili tunakupa dawa. Unameza kweli?"

"Nameza, daktari. Hata nyingine zimebaki."

"Zimebaki?" Daktari alimgeukia nesi. "Unaona? Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho arudi, nitampa dawa kali zaidi."

Halafu akaandika neno moja kwenye daftari: *Mkaidi*.

Nesi huyo alikuwa na wiki tatu tu kazini, na tayari wagonjwa walikuwa wamempa jina. Walimwita Nesi Kwanini. Hakuwa na ubishi. Alikuwa na udadisi tu, na udadisi wake ulikuwa haulali. Mkaidi gani, alijiuliza, anapanga foleni tangu alfajiri? Na mkaidi gani anajitangazia mwenyewe kwamba dawa zimebaki?

Wakati wa chakula alifungua daftari badala ya kula. Alifuata majina kwa kidole. Wagonjwa wa presha kutoka mtaa wa maofisi, karibu wote presha ilikuwa imeshuka. Wa mtaa wa mafundi, kumi na nne kati ya kumi na saba presha ilikuwa juu vilevile. Zahanati ilikuwa moja, na vidonge vilitoka kwenye kopo moja. Kando ya majina ya mafundi lilijaa neno lilelile: mkaidi, mkaidi, mkaidi.

"Mtaa mzima wa wakaidi?" alinong'ona. "Haiwezekani."

Jioni hiyohiyo alikwenda mtaa wa mafundi. Alimkuta Futi akipiga randa. Mama Mito alikuwa amejilaza kwenye kochi ambalo bado halikuwa na kitambaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, nesi. Karibu. Angalia usikalie misumari."

Nesi alicheka, akakaa kwenye stuli. "Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Nionesheni mnavyotumia dawa."

"Ah, hilo rahisi," alisema Futi, akaleta bahasha. "Ila kwanza na mimi niulize. Ile mia na themanini kwa mia na kumi ni mbao gani? Maana ni kubwa mno! Halafu tiba yake mnampa moja kwa mbili."

Nesi aliinua kichwa. "Umesemaje?"

"Moja kwa mbili. Si imeandikwa hapa?"

Nesi aliitazama bahasha. Iliandikwa kwa kalamu, kwa haraka: 1x2.

"Hebu nisomee tena, fundi. Taratibu."

"Nesi, miaka ishirini nasoma mbao. Hii ukutani ni mbili kwa nne. Ile pale mbili kwa sita. Na hii ni moja kwa mbili. Kidonge kimoja kwa siku mbili. Leo anameza, kesho anapumzika. Hatujakosa hata siku moja!"

Nesi aliweka kidole juu ya maandishi.

"Fundi, kwenye dirisha letu la dawa hiyo maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kila siku, hata akijisikia mzima."

Randa ilimtoka Futi mkononi. Alihesabu kwa vidole, kisha akamtazama mkewe.

"Kwa siku mbili alitakiwa ameze vinne," alisema. "Mimi nimempa kimoja. Mama, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuua."

"Acha hayo," Mama Mito alisema, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ungekosea kwa makusudi ningekupiga na hiyo randa."

"Hukukosea wewe," nesi alimwambia Futi. "Umesoma tulichoandika. Sisi ndio tuliandika kwa lugha ya dirishani. Lakini msimrundikie vidonge vyote kwa pamoja kufidia. Aanze leo jioni kimoja, na kesho aje nimpime. Nitamweleza daktari kabla hajaongeza dawa."

Mchomelea vyuma wa jirani alikuwa amesogea kusikiliza, miwani yake ya kazi ikiwa juu ya kichwa.

"Eti nesi," alisema, "mimi nilidhani ni kidonge kimoja au viwili, kulingana na kichwa kinavyouma."

Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja alikuwa na moja kwa mbili yake.

Kesho yake nesi alisimama karibu na dirisha la dawa. Alifika mzee mmoja wa mtaa wa maofisi, shati limepigwa pasi. Mtoa dawa alimtabasamia. "Umeelewa, mzee wangu? Asubuhi na jioni, eeh?" Kisha akaja fundi mwenye vumbi la mbao kwenye nywele. Mtoa dawa alisukuma bahasha. "Kama ilivyoandikwa. Anayefuata!"

Nesi alimweleza daktari yote mawili, la bahasha na la dirisha. Futi na mkewe walikuwepo.

"Lakini sisi tunawapa wote sawasawa," daktari alisema. "Dawa ileile, bahasha ileile."

Futi alikohoa. "Daktari, naomba niseme la kifundi. Meza yako hiyo inayumba."

Daktari aliigusa. Kweli iliyumba.

"Miguu yake minne ni sawasawa," Futi aliendelea, akitoa futikamba mfukoni. Alikuwa ameshapima. "Kosa si la meza. Sakafu imeinama upande huu. Mguu wa huku unataka kabari, ule wa kule hautaki. Ukiweka kabari chini ya yote, itayumba vilevile."

Daktari aliinama, akatazama chini ya meza. Alikuwa mtu mgumu, lakini mwenye haki.

"Na kabari yetu iwe nini?" aliuliza hatimaye.

Futi aliichonga mwenyewe, kwa patasi. Ilikuwa mihuri miwili ya mti wa mpera. Mmoja ulikuwa na jua, mwingine na mwezi. Tangu siku hiyo kila bahasha ya dawa ya presha ilipigwa muhuri: jua na kidonge kimoja chini yake, mwezi na kidonge kimoja chini yake. Mtoa dawa naye alipewa swali la kumuuliza kila mtu, mwenye pasi na mwenye vumbi: "Hebu niambie, nyumbani utaimeza vipi?" Asiyeweza kujibu alielezwa upya, bila kufokewa. Na kila mwisho wa mwezi nesi alikwenda mtaa wa mafundi na kipimo chake, jioni, misumeno ikiwa imenyamaza.

Baada ya miezi mitatu, Mama Mito alinyoosha mkono tena mbele ya nesi.

"Mia na thelathini kwa themanini na mbili," nesi alisoma, akitabasamu. "Na wenzako wa mtaani, ni watatu tu waliobaki juu. Nao nimeshawauliza kwa nini."

Mama Mito hakuwa ameona nyota kwa wiki nyingi. Aliinama juu ya daftari, akaweka kidole kwenye neno lililokuwa kando ya jina lake.

"Hapa paliandikwa nini?"

Nesi alisita. Kisha akamsomea. "Mkaidi."

Mama Mito hakukasirika.

"Lifute. Andika: hakuulizwa."

Nesi alikata neno la zamani kwa mstari, akaandika jipya. Futi alichungulia juu ya bega la mkewe, akalisoma kimoyomoyo, kisha akamgeukia nesi.

"Hakuulizwa," alisema. "Nimesoma sawa?"