Alikula Ujira Wangu, Kisha Akanikana

Nina umri wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Ijumbi, Muleba. Naandika haya nikikaa na kusimama, maana tangu wiki iliyopita situlii…

Migomba yetu ilipopigwa na mnyauko, kibanja kilibaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Nikamwambia mke wangu, Adventina, kwamba naenda Ngenge kulima mpunga wa watu kwa ujira. Kwetu, mwenye kibanja chake akionekana anamlimia mwingine, huchekwa hadi na watoto. Adventina akashauri tuseme nimepata kazi ya ofisini Bukoba. Nikakubali. Mjinga mimi!

Nilishinda nimeinama kwenye matope, mgongo unawaka moto. Kila nilipolipwa nilimtumia kwa simu. Akanunua vitenge, akachangia harusi ya mdogo wake, akasifiwa kwetu na kwao. Nilifurahi, jamani! Mshahara si ndiyo heshima ya mwanamume?

Kumbe jirani yetu mmoja alikuja Ngenge kununua mpunga, akaniona. Jumapili, watu wanatoka misa, akayamwaga yote. Niliporudi nikakuta wakwe wamejaa sebuleni. Mama mkwe akamuuliza binti yake kama alijua. Nilimtazama mke wangu, nikingoja aseme ukweli…

“Hata mimi kanidanganya,” akasema. “Siwezi kuishi na kibarua.”

Siku hiyohiyo akafungasha, akaondoka na mama yake. Nilihisi kuchanganyikiwa!

Wiki iliyopita nilipata kazi ya kushusha magunia kwenye ghala la kahawa mjini Bukoba. Wanawake walikuwa wamekaa chini wanachambua buni, vumbi hadi kwenye kope. Mmoja wao alikuwa Adventina! Aliinuka haraka, akanivuta kando. Akasema kwao wanajua anafanya kazi benki.

“Deo, waitu, nakuomba, mama asijue.”

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nilitaka kumwambia turudi nyumbani, nikashindwa pia. Jana mama mkwe kanipigia, anauliza kama nimewahi kumwona mwanaye mjini. Nikakata simu kama mwizi. Ningemjibu nini?

Wasomaji wenzangu, nawasihi, kazi yako itaje mchana kweupe, hata kama ni ya matope. Na mtu akikushauri mdanganye pamoja, kataa, kwa sababu siku ya kuumbuka utaachwa peke yako.

Bado nampenda… Tungesema ukweli tangu mwanzo, leo jioni tungekuwa tunatoka kazini pamoja.