Ubao wa Kipawa

Haya yalimpata rafiki yangu Mauwa, mchongaji wa Temeke, na hapendi niyasimulie. Alikwenda Kipawa kuchukua patasi za marehemu mwalimu wake, aliyekuwa akichonga picha kwenye mbao na kuzichapa kwa wino. Mjane, Bi Najat, hata shikamoo hakuitikia.

"Chukua patasi, uende. Ubao huo usiuguse."

Mauwa aliutazama. Mauti, mifupa mitupu, alimpa kisogo mtazamaji huku akimnyooshea mwanamke tunda. Mauwa hakuwahi kuona mchongo mzuri kama ule. Bi Najat alipoingia ndani, akautia mkobani.

Mchana uleule, katika chumba chake kisicho na dirisha, aliupaka wino, akalaza karatasi na kuikandamiza. Umeme ukakatika. Gizani akasikia patasi ikikwangua mti, taratibu, chini ya kiganja chake.

"Nani?" akauliza.

Mkwaruzo ukakoma.

Umeme uliporudi, aliibandua karatasi. Kwenye ubao, Mauti alikuwa vilevile, kisogo nje. Kwenye karatasi alikuwa amegeuka, anamtazama Mauwa, taya limeachama kidogo, kama anayetaka kujibu.