Uzi Mwekundu Bandani kwa Bi Oleta

Jumamosi, saa kumi jioni.

Nukta nyekundu ilitambaa ukutani, ikapita juu ya kalenda ya matrekta, ikashuka sakafuni. Paka wa gereji akairukia. Akakosa. Nukta ikasogea. Paka akaifuata tena, makucha yakikwaruza saruji.

Lonnie Tidwell alicheka mpaka bia ikamtoka puani.

"Zima hiyo leza," alisema kaka yake, Royce.

"Haina kuzima, kaka. Ukishika mpini wa bastola sawasawa, inawaka. Ukiachia, inazimika. Swichi iko hapa chini ya kidole cha kati. Huhitaji hata kufikiri."

"Ndiyo maana nimekununulia wewe," alisema Dwain Purvis.

Walikuwa chumba cha nyuma cha gereji ya Dwain, kaskazini kabisa mwa Texas. Kilinuka mpira na kahawa iliyoungua. Upepo ulikuwa unapiga mabati tangu asubuhi. Royce alikuwa amekalia ndoo, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Tulikubaliana hakuna bunduki."

"Hiyo ni mguu wa kuku tu."

"Dwain."

"Ya kutishia, bwana. Mtu akiona nukta kifuani anakaa chini mwenyewe."

Royce alimtazama mdogo wake. Lonnie alikuwa ametoka jela majira ya baridi, kwa masharti. La kwanza: asiguse silaha. Akikutwa nayo, anarudi ndani miaka kumi na mitano. Royce hakuutaka mchongo huu. Aliingia kwa sababu Lonnie alikuwa ameshaingia, na ilibidi awepo mtu wa kumrudisha nyumbani.

Dwain alipanga vikombe mezani kama ramani.

"Banda la Bi Oleta Harmon. Chumba cha ndani, hakina dirisha, kina mlango wa korido na mlango wa nyuma. Mitungi miwili mirefu. Huu una naitrojeni ya maji peke yake, baridi ya kuunguza ngozi. Huu una mbegu za Mhubiri."

Mhubiri alikuwa fahali mweusi wa Bi Oleta. Radi ilimuua mwaka juzi. Mbegu zake zilizobaki zilikuwa zimegandishwa ndani ya mirija myembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hazingepatikana nyingine duniani. Mfugaji mmoja wa Kansas alikuwa anazitaka, na hakuuliza zingetoka wapi.

"Mimi nakata umeme, kamera zinakufa. Royce anahamisha mirija kwenye mtungi wetu mdogo. Amemfanyia kazi bibi miaka tisa, mikono yake inajua. Lonnie analinda."

"Lonnie anabaki garini," alisema Royce. "Na mtungi wetu umeujaza? Nilikwambia ujazwe jana, upoe usiku kucha."

"Tutaujazia kule kule. Si naitrojeni ipo?"

"Mtungi ukiwa na joto utachemka kama sufuria."

"Basi uchemke! Kaa chini, Royce. Unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala."

"Na bibi mwenyewe?" aliuliza Lonnie.

"Jumapili yuko kanisani. Tutatazama pikapu yake. Kama haipo, naye hayupo."

Hapo hakuna aliyebisha. Kule jirani wa karibu yuko maili sita. Watu wanapanda gari hata kwenda kuchukua barua getini. Pikapu ikiwa haipo uani, nyumba ni tupu. Mtoto mdogo anajua hilo.

Nukta ilipita tena ukutani. Royce aliikumbuka nyingine kama hiyo. Bi Oleta alifunga leza kwenye bastola yake macho yalipoanza kufifia. Hakuweza tena kulenga kwa vilengeo vya chuma vya juu ya mtutu, lakini nukta ukutani aliiona. Kila wiki alifanya mazoezi kwenye korido, bastola haina risasi, Royce akiwa amesimama na kikombe cha chai ya barafu. Alifunga yenye swichi ya kubonyeza, si hii ya kujiwasha. "Kitu hiki kina ncha mbili, Royce," alimwambia. "Moja inakuonyesha unayempiga. Kukiwa na vumbi au moshi, ya pili inamwonyesha yeye ulipo."

Royce alitaka kumwambia Lonnie. Lakini Lonnie alikuwa anacheka na paka.

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi.

Uani hapakuwa na pikapu. Vumbi tu, na kofia ya zamani juu ya nguzo ya uzio.

"Nilisema nini?" Dwain alizima injini. Alikwenda kwenye nguzo ya umeme na mkasi wa chuma. Feni ya banda ikazunguka polepole, ikasimama.

Royce aliinua kidole kwa mdogo wake. "Usishuke."

"Sawa, kaka."

Chumba cha ndani kilikuwa giza tupu. Dwain alishika tochi. Mahali fulani ng'ombe alikuwa analia, mlio mfupi, wa kukazana. Royce aligeuza shingo kuusikiliza. Alivaa glavu nene, akaanza kumimina naitrojeni kwenye mtungi mdogo.

Ulichemka kama alivyosema. Ulinguruma, ukatema ukungu mweupe. Ukungu ukamwagika sakafuni, ukapanda magotini, ukafika kiunoni.

"Fanya haraka," alisema Dwain.

"Ukungu huu unakula hewa. Fungua mlango zaidi."

"Fanya haraka!"

Mlango ulisogea kweli. Aliyeingia ni Lonnie.

"Nimekwambia ubaki garini!"

"Dwain kaniambia niingie."

Royce aliugeukia mtungi mkubwa. Akafungua kifuniko, akavuta kikombe chenye mirija mpaka kwenye shingo. Hapo hapo wakasikia changarawe zikikwaruzika nje. Hatua. Za mtu mmoja, mzito wa mguu wa kushoto.

Tochi ikazimika.

Mikono ya Royce ilifanya peke yake ilichofundishwa miaka tisa: usiuache mrija hewani, urudishe kwenye baridi. Akakishusha kikombe chini, akafunika.

"Nimeshapiga simu kwa sherifu," ilisema sauti ya mwanamke mzee kutoka korido. "Tokeni humo mmoja mmoja, mikono juu."

Kivuli chake kilisimama pembeni mwa mlango, mwanga wa nje ukiwa nyuma yake. Hakuwasha leza.

Lonnie alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza ya chuma, akidhani amejificha. Hofu ikamkaza vidole kwenye mpini. Leza ikawaka.

Royce aliiona. Haikuwa nukta tena. Ulikuwa uzi mwekundu, umenyooka ndani ya ukungu, na uzi ule ulianzia chini ya kidevu cha mdogo wake. Lonnie alitazama ncha ya mbali tu, pale ilipotua kwenye fremu ya mlango. Bi Oleta hakutazama huko. Royce alimwona akigeuza bastola taratibu, akiufuata uzi, akirudi nao nyuma, mpaka unapoanzia.

"Mpige, Lonnie!" Dwain alinong'ona kwa nguvu. "Nilikwambia akitokea ufanye nini!"

Kumbe hiyo ndiyo kazi ya leza. Haikununuliwa ya kutishia.

Royce angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amemwona uso.

"Bi Oleta, usipige!" alipaza sauti. "Ni Royce! Huyo ni mdogo wangu!" Akajitupa, akasimama katikati ya uzi. Ncha yake ikamtua tumboni. "Lonnie, achia mpini. Fungua mkono."

"Kaka, siwezi. Vidole..."

"Unaweza. Fungua."

Uzi ukafa.

Dwain hakungoja. Alinyakua mtungi mdogo, akampiga Royce kikumbo, akapenya mlango wa nyuma. Wakasikia gari likiwaka, changarawe zikiruka.

"Amezichukua?" aliuliza Bi Oleta.

"Amechukua mtungi wa mvuke, mama. Mhubiri yuko pale pale."

"Hm. Tokeni nje kabla hewa hiyo haijawaua. Huyo ni Lonnie? Aliyevunja kioo cha trekta yangu?"

"Ndiyo, mama," alisema Lonnie.

Nje mwanga uliwachoma macho. Royce alinyoosha mkono. "Nipe."

"Kaka..."

"Nipe."

Aliipokea bastola, akaifuta kwa shati, kila upande, kisha akaishika kwa mkono wake mtupu. Leza ikawaka kwenye mavumbi. Akaiweka juu ya marobota ya nyasi.

"Hiyo ni yangu," alimwambia Bi Oleta. "Nilikuja nayo mimi."

Bi Oleta alimtazama, akaitazama bastola. Kisha akatazama barabarani, vumbi la Dwain lilikoishia.

"Nilisikia wanaume wawili mle ndani," alisema. "Mmoja kakimbia na gari. Zaidi ya hapo, macho yangu ndiyo hivyo tena."

Royce alimgeukia Lonnie. "Fuata uzio mpaka barabara kuu. Usikimbie. Anayekimbia anaonekana."

Lonnie alishika uzio. Akaondoka.

Ng'ombe alilia tena.

"Pikapu yako iko wapi, mama?"

"Nimewaazima watu wa kanisa, wavutie jiko la nyama. Ningeendaje ibadani? Mtamba wangu anahangaika tangu alfajiri. Ndama katanguliza miguu ya nyuma, na mimi sina tena nguvu za kuvuta." Alishusha bastola yake. "Umesahau kazi?"

"Sijasahau."

Royce alivua shati, akaosha mikono mpaka mabegani, akapiga magoti nyuma ya mtamba. Alipotazama mara moja juu ya mgongo wa mnyama, Lonnie alikuwa mdogo kama nguzo ya uzio, na hakuwa anakimbia.

King'ora kilisikika mbali, kikakaribia. Milango ya gari ikafunguliwa uani. Mtu akapaza sauti, ainue mikono.

Mikono ya Royce ilikuwa ndani mpaka viwiko.

"Waambie wasubiri kidogo, mama," alisema. "Kwato zimetoka."