Vidole vya Dobi na Maji ya Madini

Kila asubuhi Dobi alisubiri kuinuliwa. Magoti yalikuwa yamekaza, na kiti hakikumwachia. Mkwewe, mume wa binti yake, aliishi nyumba ya pili. Alikuja, akamshika makwapani na kumnyanyua. Dobi aliona aibu. Mtu na mkwewe ni kuheshimiana, si kubebana.

"Baba, daktari amekupima presha, ameruhusu," binti yake alimwambia. "Twende kwenye bafu za maji ya madini."

"Hayo madini yananiingia mpaka mfupani?" Dobi aliuliza. Alikuwa mtu wa maswali. "Na yakishaingia, yanatokea wapi?"

"Utamuuliza mhudumu."

Walipofika, mhudumu alimwonyesha beseni kubwa la kuogea, lenye vyuma vya kushikilia. Kisha akaenda kuleta taulo. Dobi akachovya vidole majini. Akaonja tone moja: chumvichumvi. Akanusa: yai viza. Lakini mbona moto hausikii? Akafungua bomba la maji ya moto mpaka chumba kikajaa mvuke.

Mhudumu aliporudi alitia kiwiko, akakitoa upesi. "Babu, umekuja kuoga au kuchemka?"

"Magoti yanawaka moto, mwanangu. Na dawa ya moto ni moto."

"Huo msemo si wa magoti. Hebu nione vidole."

Vilikuwa na sugu tupu. Maisha yake yote Dobi alipima pasi kwa vidole hivyo.

"Hivi vimezoea pasi, havisikii tena joto," mhudumu alisema. "Pima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto mchanga. Maji ya moto sana huweza kushusha presha ghafla. Mzee anasimama, kizunguzungu kinamshika, chini!"

Alichanganya maji ya baridi mpaka yakawa vuguvugu. Dobi akaingia polepole. Miguu ikawa myepesi, akashangaa.

"Ni madini yanayoninyanyua?"

"Maji yanakubeba, magoti yanapumzika. Joto linalegeza misuli. Madini huenda yakasaidia kidogo, wataalamu bado wanachunguza. Nikisema yanaponya kila kitu, nitakuwa nakudanganya. Dawa zako usiache."

"Basi nilale tu humu?"

"Hapana, babu. Kunja goti, nyoosha. Robo saa inatosha. Ukitoka, kaa kwanza, unywe maji. Usiingie peke yako, wala ukiwa na kidonda."

Dobi akawa anarudi kila wiki. Nyumbani alikunja na kunyoosha magoti hata mezani. Mkewe akasema ameolewa na cherehani.

Miezi ikapita. Maumivu hayakwisha, ila yalipungua. Asubuhi moja mkwe alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga, mkewe Dobi hakuitika. Alikuwa bafuni. Mkwe akageuka aondoke, arudi baadaye. Mara komeo likalia. Dobi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Baba, nani amekuinua?"

"Hakuna mtu." Machozi yalimlenga Dobi, na hakuyaficha. "Karibu ndani, mkwe wangu. Leo nakupokea nikiwa nimesimama."