Daktari wa Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dada alipiga pasi sare yake mwenyewe, akachana nywele mwenyewe na kujimiminia chai mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mdogo wake azaliwe, hata mama hakumwita tena kwa jina. Alikuwa Dada tu. Mdogo huyo, mwenye miaka mitano, walimwita Kipusa. Wakati Dada akihangaika na pasi, Kipusa alikuwa amepakatwa na mama, anafutwa masikio kwa pamba taratibu, maana huu ulikuwa mwezi wa pili yanatoa usaha. Yai likiwa moja, lilikuwa la Kipusa.

Dada aliyaona hayo na kuyaweka moyoni. Siku moja aliuliza yeye augue nini ili apewe yai. Mama alicheka, akidhani ni utani.

Mama yao alikuwa mjane, mfagizi katika ofisi ya serikali, na kadi yake ya bima ya serikali iliwatibu wote watatu. Zahanati ilimpa barua ya rufaa, akaambiwa amtafute daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kumtafuta ndiko kulikomchosha. Hospitali ya kwanza ilipokea bima, lakini daktari huyo haikuwa naye. Ya pili daktari alikuwepo, ila kadi ilirudishwa dirishani bila hata kuguswa. Ya tatu iliandika ukutani kwamba bima zote zinapokelewa. Alipofika ndani akaelezwa kwamba ni zote isipokuwa hiyo yake. Mama aliyasimulia hayo kwa kicheko, lakini viatu vyake vilikuwa vimelika upande. Dada aliviona. Aliona pia kwamba jioni nzima imeisha kwa habari za masikio, na mtihani wake hakuna aliyeuulizia.

Shuleni Dada alikaa dawati moja na msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakunyamaza. Mama yake Redio alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali iliyo nyuma ya posta. Siku ya Ijumaa Redio alimletea karatasi iliyokunjwa, akamweleza kwamba pale huja daktari wa masikio Jumatano tu, na bima ya serikali inapokelewa. Mama awahi saa mbili na barua yake ya rufaa, kwa sababu majina yakifika kumi na tano hawaandiki tena.

"Umpe leo leo," Redio alisema. "Ukisahau, nitakayegombezwa ni mimi."

Dada aliisoma karatasi mara mbili. Jumatano ilikuwa siku ya wazazi. Yeye aliongoza darasa kwa Hisabati, angeitwa mbele kupewa zawadi, na mama alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa siku hiyo moja. Akijua habari hii, Dada aliwaza, hata Jumatano yangu itakuwa ya Kipusa. Akaipachika karatasi katikati ya daftari na kufunga begi. Jioni mama alipouliza kama kuna jipya, alijibu hakuna.

Jumatano mama alifika mapema na Kipusa wake. Dada alipoitwa mbele, mama alisimama akapiga makofi mpaka watu wakageuka kumtazama. Kwa dakika chache Dada alijiona kama ndiye mtoto pekee wa mama yake.

Baada ya sherehe mwalimu mmoja alitoka na boksi la biskuti, akawaita watoto wadogo. Aliita mara tatu. Wote wakakimbia. Kipusa alikuwa amechuchumaa, kawapa mgongo, anachora ardhini kwa kijiti. Alipoinua macho akawaona wenzake wanatafuna, boksi likiwa tupu. Alimfuata Dada akiwa na machozi.

"Mbona wao wameitwa na mimi sikuitwa?"

Dada alimshika mkono, akampeleka kwa mama. Alifungua begi, akatoa karatasi na kumpa mama. "Nilipewa Ijumaa," alisema. "Niliificha."

Mama aliisoma polepole kwa kidole. Alimbeba Kipusa mgongoni wakaenda hospitali ile ya nyuma ya posta, Dada akifuata nyuma na zawadi yake mkononi. Karani aliwapokea vizuri, lakini daktari alikuwa ameshaondoka, na Jumatano iliyofuata angekuwa safarini. Wiki mbili. Katika wiki hizo Kipusa alipandwa na homa, akalia kwa maumivu ya sikio, na kila kilio kilimkuta Dada.

Hatimaye daktari alimpima. Ngoma ya sikio la kulia ilikuwa imetoboka. Aliwapa dawa na kuwaonya maji yasiingie. Kazi ya kutia matone Dada aliiomba mwenyewe. Hakuruka hata siku moja, ingawa Kipusa alilalamika kwamba anatekenywa.

Baada ya miezi miwili daktari alisimama nyuma ya Kipusa, akanong'ona namba moja moja, na Kipusa akazirudia zote. Tundu lilikuwa limefunga. Daktari alifurahi, kisha akauliza kwa nini walichelewa vile mwanzoni.

"Tulichelewa tu, daktari," mama alijibu.

Walipokaa kwenye benchi la nje, Dada aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mbona hukunitaja?"

"Daktari alikuwa anatibu sikio," mama alisema. "Moyo wako ni wa kutibu mimi. Mungu amenikabidhi watoto wawili, nami nikawa namtazama mmoja. Hapo nilikosea. Siku nyingine ukiona nimekusahau, njoo uniambie, hata ukinikuta nimechoka. Lakini habari ya kumponya mgonjwa usiikalie, mwanangu. Wivu wako ulimla mwenzio kwa wiki mbili za maumivu, na wewe mwenyewe hukushiba."